Nimefikaje Hapa? Kusahau, Kufa Ganzi na Swali la Disosiesheni

Wakati namalizia shahada yangu ya uzamili hapa Mwanza, rafiki yangu mmoja alinipigia simu jioni, kama saa kumi na mbili hivi. Alikuwa stendi ya Buzuruga, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Sikia dada," akaniambia. "Nakumbuka nilikuwa Kamanga, nasubiri mzigo wa mama uvuke na kivuko kutoka Sengerema. Sasa hivi niko Buzuruga. Mzigo ninao. Mkononi nina mfuko wa mandazi, bado ya moto. Sijui nimeyanunua wapi."

Nikamuuliza kama ni mara ya kwanza. Akasema hapana, ni mara ya nne au ya tano. Halafu akaanza kumwaga mengine. Usiku miguu inamfa ganzi. Mwezi uliopita bibi yake alifariki, na yeye alikaa msibani siku tatu bila chozi hata moja, "kama naangalia msiba wa watu wengine kwenye tivii." Alikuwa ameangalia video nyingi fupi kwenye simu, na neno moja lilikuwa limemkaa kichwani: disosiesheni. Alitaka nimwambie ndiyo au hapana.

Sikuweza kumwambia. Mimi ni mtafiti, si daktari wa akili. Ila swali lake lilinipeleka kusoma kwa wiki kadhaa, na amenikubalia niandike kuhusu safari yake, mradi jina lake nisilitaje. Huenda na wewe unajiuliza kitu kama hicho, au una ndugu nyumbani ambaye "anapotea" akiwa amekaa mbele yako. Basi twende taratibu.

Disosiesheni ni nini hasa?

Ukiwa mzima, kuna mambo kadhaa yanayokwenda pamoja kichwani bila wewe kuyapangia: kumbukumbu zako, hisia zako, mwili wako, na ule utambuzi wa kimyakimya kwamba "huyu ni mimi, na niko hapa." Disosiesheni ni pale moja kati ya hayo linapoachana na mengine kwa muda. Mwili unatembea, kumbukumbu hairekodi. Au kumbukumbu inarekodi, lakini hisia zimezimwa. Mfaransa Pierre Janet alilieleza jambo hili kwa kina katika kitabu alichokitoa mwaka 1889, na mengi aliyoyaona kwa wagonjwa wake bado madaktari wanayaona leo.

Linakuja kwa sura tofauti. Kuna anayepoteza kipande cha muda au cha maisha yake, hasa kipande kilichobeba jambo zito. Kuna anayejiona kama amekaa nje ya mwili wake, anajitazama akiongea. Kuna anayeona dunia yenyewe imekuwa kama video: watu wapo, rangi zipo, lakini hakuna kinachomgusa. Kuna ambaye mkono unakufa ganzi au miguu inagoma kutembea, na vipimo vinaonyesha mishipa ya fahamu haina hitilafu. Huyo haigizi. Ganzi anaihisi kweli, tatizo liko kwenye namna ubongo unavyopokea na kutuma taarifa za mwili. Na kuna wachache ambao nafsi yenyewe imegawanyika katika pande zinazopishana kushika usukani. Sinema zinapenda sana hawa wa mwisho, ndiyo maana watu wengi wakisikia disosiesheni wanawafikiria hao tu.

Sasa, kabla hujajiogopa: disosiesheni ndogondogo kila mtu anayo. Umewahi kupanda daladala ya Nyegezi ukiwa na mawazo, ukashtuka umepita kituo chako? Umewahi kusoma ukurasa mzima ukafika mwisho hujui umesoma nini? Hiyo ni kawaida. Akili ilikuwa kwingine, na kisichopewa umakini hakirekodiwi vizuri.

Mwaka 1986 watafiti Eve Bernstein na Frank Putnam walitunga dodoso la maswali 28 la kupima hali hizi. Kila swali linauliza jambo fulani linakutokea kwa asilimia ngapi ya muda, kuanzia 0 hadi 100. Maswali mengine ni ya mambo mepesi kabisa, kama kusikiliza mtu akiongea halafu ukagundua hukusikia alichosema. Mengine ni mazito, kama kukuta vitu vipya kwenye vitu vyako usikumbuke kuvinunua. Wastani wa 30 na zaidi unamaanisha mtu aonwe kwa karibu na mtaalamu. Haumaanishi tayari ana ugonjwa. Dodoso lenyewe linapatikana kirahisi mtandaoni, na watu hulijaza wakajipa majibu. Rafiki yangu alilijaza pia. Alipata 34, na usiku huo hakulala.

Kwa nini ubongo ufanye hivyo?

Kama umekulia kijijini, unajua ukimkamata kuku wa kienyeji ukamlaza chali ukamshikilia kidogo, anatulia tuli kama amekufa, hata ukimwachia. Hajafa. Mnyama aliyekamatwa ambaye hawezi kupigana wala kukimbia anabaki na njia ya tatu, ya kuganda. Binadamu naye ana njia hiyo.

Hatari ikizidi uwezo, sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo amigdala inapiga king'ora. Maelezo ambayo watafiti wengi wanayatumia ni kwamba kwa baadhi ya watu sehemu ya mbele ya ubongo inaukandamiza huo mshtuko kupita kiasi, kama mtu anayepunguza sauti ya redio hadi mwisho. Hofu inashuka, maumivu yanashuka, na kila kitu kingine kinashuka nayo. Wakati huohuo homoni za mshtuko zinavuruga kazi ya hipokampasi, sehemu inayounganisha vipande vya tukio kuwa kumbukumbu moja yenye mwanzo na mwisho. Matokeo yake ni kumbukumbu ya vipandevipande: harufu ipo, sauti ipo, lakini mpangilio haupo.

Hapa kwetu ziwani hili si jambo la vitabuni. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na inakadiriwa watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Makaburi ya wengi wao yako Igoma, tunayapita. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe, na zaidi ya watu 220 wakafa. Hayo ndiyo yaliyotangazwa dunia nzima. Mitumbwi inayopigwa na upepo usiku, wavuvi wasiorudi, ajali za bodaboda, vipigo vya ndani ya nyumba, hayo hayatangazwi, lakini kwa ubongo wa aliyenusurika uzito ni uleule.

Wengi walionusurika na ajali husimulia kwamba katikati ya tukio walihisi utulivu wa ajabu, kama ndoto, kama si wao. Wakati ule hali hiyo inasaidia: huwezi kushikilia kipande cha mbao majini huku unatetemeka kwa hofu. Shida ni pale swichi inapobaki imezimwa baada ya hatari kupita, au inapojizima yenyewe kila kitu kikifanana na siku ile. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba waliojitenga sana na tukio wakati linatokea wako kwenye hatari zaidi ya kupata baadaye ugonjwa wa msongo unaofuata tukio la kutisha. Na katika uchunguzi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha nchi 16, watu takriban 14 kati ya kila 100 wenye ugonjwa huo walikuwa pia na dalili za disosiesheni.

Nilipofika hapo kwenye kusoma, nikamuuliza rafiki yangu kama kuna kitu kilimpata. Alinyamaza. Halafu akasema, "Si unajua ile ya mtumbwi." Nilikuwa sijui. Miaka miwili nyuma alikuwa akitoka kisiwani kwa mtumbwi wa injini, upepo ukawachapa, mtumbwi ukajaa maji. Aliokolewa akiwa amekumbatia dumu tupu. Abiria mwenzake aliyekuwa amekaa naye bega kwa bega hakuokolewa. Hakuwahi kulisimulia kwa sababu, alisema, hakuna cha kusimulia, anakumbuka harufu ya dizeli tu.

Sasa fikiria pale Kamanga, kivuko kinaegesha, injini inanguruma. Harufu gani inatawala pale?

Lakini usikimbilie jina hilo kwanza

Hapa ndipo wengi tunapoteleza, na mimi niliteleza. Nilishasema moyoni: nimepata jibu, ni disosiesheni, kusahau na ganzi vyote vinaingia humo. Ila madaktari wana utaratibu wao na una sababu. Disosiesheni hutajwa baada ya sababu za mwili kuangaliwa, kwa kuwa baadhi ya hizo zina tiba nyepesi na nyingine zinaua.

Tuanze na kusahau au "kupotea":

– Kifafa. Si kifafa chote kinaangusha. Kuna kinachomfanya mtu akodoe macho, atafune hewa, achezee vifungo vya shati, kwa sekunde kadhaa hadi dakika moja au mbili, kisha azinduke amechanganyikiwa na kuchoka. Mara nyingi kinakuja kwa namna ileile kila mara. Mwenzako akikurekodi kwa simu, video hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya dakika ishirini.

– Sukari kushuka, hasa kwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari. Hapa kuna jasho, kutetemeka, njaa kali.

– Pombe. Mtu anaweza kutembea, kuongea, hata kugombana, na ubongo usirekodi chochote. Asubuhi anaambiwa aliyoyafanya.

– Dawa za usingizi kama diazepamu, hasa zikinunuliwa dukani bila kuandikiwa na daktari.

– Kugonga kichwa, hata kama ajali ilionekana ndogo. Homa kali, ikiwemo malaria inayopanda kichwani. Maambukizi ya VVU au kaswende iliyokaa muda mrefu bila tiba. Na kukosa usingizi wiki nzima, jambo ambalo wanafunzi tunajidai ni ujanja.

Upande wa ganzi nao una orodha yake:

– Kisukari, ambacho huanza na nyayo za miguu yote miwili, kama umevaa soksi usizoziona.

– Upungufu wa vitamini B12, pamoja na kwa watu waliotumia metformini kwa muda mrefu.

– Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, ambayo hupunguza vitamini B6 mwilini na kuumiza mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Ndiyo maana watu wengi hupewa vidonge vya B6 pamoja nayo.

– Ukoma, ambao bado upo Tanzania. Dalili yake ni baka la ngozi lisilohisi kitu.

– Kichocho. Wengi tunakijua kama ugonjwa wa tumbo na mkojo, na pembezoni mwa Ziwa Victoria ni wa kawaida mno. Kwa watu wachache mayai ya minyoo yake hufika kwenye uti wa mgongo. Hapo miguu inakufa ganzi na kuishiwa nguvu, na mkojo unaweza kugoma. Kama umeoga au kuvua ziwani, mwambie daktari hata kama hajauliza.

– Kupumua harakaharaka ukiwa na hofu. Kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, na midomo na vidole vinachomachoma kama sindano. Inatisha, lakini ukituliza pumzi inaondoka.

Utaona neno letu "ganzi" linabeba mizigo miwili. Kuna ganzi ya ngozi na kuna ganzi ya moyo. Njia rahisi ya kuzitenganisha unapoongea na daktari ni kusema wazi: je, ukiguswa na kitu cha baridi mguuni unahisi? Je, ukipata habari ya furaha au ya msiba unahisi? Zinaweza kuwa zote mbili, na zinaweza kuwa na sababu mbili tofauti.

Baadhi ya dalili haziruhusu kusubiri. Mdomo kupinda au upande mmoja wa mwili kuisha nguvu ghafla. Degedege la mara ya kwanza. Homa na kuchanganyikiwa. Miguu kufa ganzi pamoja na mkojo kugoma au kutoka bila kujua. Au mawazo ya kujiua. Hizo ni za kwenda hospitali leo, hata usiku.

Kashasha, mapepo, na maelezo tuliyonayo tayari

Najua unachowaza. Hapa kwetu mtu akipotea akili ghafla, akiongea asichokumbuka baadaye, watu hawasemi disosiesheni. Wanasema mapepo, majini, mizimu, au amerogwa.

Ng'ambo ya pili ya ziwa letu kuna kisa kinachojulikana duniani kote. Tarehe 30 Januari 1962, chini ya miezi miwili baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni Kashasha, kama kilomita 40 kutoka Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Wakawa wanacheka na kulia, wakitulia kidogo wanaanza tena. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapata hali hiyo. Wasichana waliporudi nyumbani, ikatokea kijijini Nshamba kwa watu 217. Madaktari Rankin na Philip waliochapisha ripoti yao mwaka 1963 walitafuta sumu na vijidudu wasivipate. Watu hukitaja kisa hiki kama kichekesho, "ugonjwa wa kucheka." Wasichana wale hawakuwa na furaha. Walikuwa watoto wenye shinikizo kubwa, mbali na nyumbani, na miili yao ilisema kwa pamoja kile ambacho midomo isingeruhusiwa kusema. Si disosiesheni ileile ya rafiki yangu aliyekuwa peke yake Buzuruga, lakini ni ndugu yake. Na ukisikia leo shule fulani wasichana wanaanguka na kupiga mayowe, kumbuka Kashasha kabla hujawacheka.

Vipi kuhusu mapepo? Marjolein van Duijl na wenzake walifanya utafiti Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2010. Waliwachukua watu 119 ambao waganga wa kienyeji walisema wamepandwa na roho, wakawalinganisha na watu 71 wasio na tatizo hilo. Waliopandwa na roho walikuwa na dalili nyingi zaidi za disosiesheni, na walikuwa wamepitia matukio mazito zaidi maishani. Utafiti huo haukusema roho zipo au hazipo, sayansi haina kipimo cha hilo. Ulichosema ni kwamba mtu anayeletwa na familia kwa ajili ya mapepo aulizwe pia amepitia nini.

Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu Januari 2022 nao umeligusa jambo hili kwa uangalifu. Kupandwa na roho huhesabiwa ugonjwa pale tu kunapomjia mtu bila kutaka, kukamtesa au kumharibia maisha, na kama si sehemu ya ibada au mila inayokubalika kwao. Anayepandisha kwenye ngoma ya ukoo wake akarudi salama nyumbani si mgonjwa.

Pengo halijazwi kwa kukisia

Kuna jambo moja ningependa ubaki nalo hata kama mengine yote utayasahau. Pengo kwenye kumbukumbu linauma, na akili ya binadamu haipendi pengo. Inatafuta cha kujazia. Mtu yeyote akija na hadithi iliyokamilika, iwe ni video ya sekunde thelathini, mganga, au mshauri asiye na mafunzo anayesema "lazima ulifanyiwa kitu utotoni, jaribu kukumbuka," hadithi hiyo inaingia kirahisi.

Mwaka 1995 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus wa Marekani alichapisha jaribio dogo. Watu 24 wazima walipewa kusoma matukio ya utotoni mwao yaliyosimuliwa na ndugu zao. Ndani yake kulikuwa na tukio moja la uongo: kwamba waliwahi kupotea dukani wakiwa wadogo. Robo yao hivi walifika mahali pa kulikumbuka, kikamilifu au kwa sehemu, ingawa halikuwahi kutokea. Kwa hiyo kumbukumbu inaweza kupotea kweli, na inaweza pia kutengenezwa bila mtu kudanganya. Aliyepitia ukatili anastahili kusikilizwa na kuaminiwa. Ila asiyekumbuka chochote asilazimishwe kukumbuka.

Kwenye mikoa yetu ya kanda ya ziwa, kukisia kumegharimu maisha ya watu. Mtu anaugua ugonjwa usioeleweka, familia inauliza nani kafanya, na jibu linaangukia kwa bibi kizee wa jirani mwenye macho mekundu. Macho ambayo mara nyingi yameiva kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Mwanza, Shinyanga, Geita na Simiyu tumezika bibi zetu waliouawa kwa namna hii. Kwa hiyo mtu anapokuambia "sikumbuki nimefikaje hapa," jinsi utakavyolijaza lile pengo si suala lake peke yake.

Pengo ni dalili, kama homa. Homa haikuambii ni malaria au taifodi, inakuambia kapime.

Basi ufanye nini?

Kwanza andika. Daftari dogo linatosha: tarehe, saa, ulikuwa wapi mara ya mwisho unapokumbuka, ulizinduka wapi, ulikula saa ngapi, ulilala kiasi gani, ulikunywa nini, kuna harufu au sauti gani ilikuwepo. Orodhesha na dawa zote unazotumia, pamoja na za kienyeji. Baada ya wiki tatu hivi utaanza kuona mpangilio ambao kichwa peke yake hakiwezi kukupa.

Pili, jilinde. Kama unapotea, usiendeshe bodaboda, usiogelee wala usiende kuvua peke yako, na usipike kwenye moto bila mtu karibu, mpaka ijulikane ni nini.

Tatu, nenda ukapimwe. Anzia kituo cha afya kilicho karibu: sukari, damu, VVU, mishipa ya miguu. Omba rufaa ikihitajika. Hapa Mwanza, Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda na ina idara ya magonjwa ya akili. Kuingia mlango huo hakukufanyi "kichaa." Anayekwenda kwa daktari wa macho haitwi kipofu.

Nne, kama ikionekana ni disosiesheni, ujue inatibika. Hakuna kidonge maalumu cha disosiesheni, ingawa dawa za sonona au wasiwasi husaidia kama navyo vipo. Tiba kuu ni mazungumzo na mtaalamu, kwa hatua. Hatua ya kwanza ni usalama na utulivu. Tukio lenyewe linakuja baadaye, kidogokidogo, ukiwa tayari. Anayeanza kwa kukuchimba siku ya kwanza anakwenda kinyume na utaratibu.

Tano, wakati dunia inaanza kuwa kama video, jirudishe hapa. Kanyaga chini kwa nguvu uisikie ardhi. Shika kitu cha baridi. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: ukuta, kiatu, sufuria, paka, dirisha. Inaonekana mchezo wa watoto, lakini unaupa ubongo taarifa mpya kwamba hatari ile imepita.

Na kama wewe ndiye ndugu au rafiki: usimtikise, usimpige makofi, usimkemee. Mwite kwa jina, mwambie yuko wapi na leo ni siku gani, kaa naye.

Ilikuwaje kwa rafiki yangu

Jibu lake halikuwa moja. Daktari alimuuliza kuhusu dawa, na ikabidi aseme jambo ambalo hata mimi hakuwa ameniambia, kwamba alikuwa mwezi wa tano wa matibabu ya kifua kikuu. Vidonge vya B6 alikuwa ameviacha kwa sababu, maneno yake, "niliona ni vitamini tu." Ganzi ya miguu ilitoka hapo. Alirudishiwa vitamini, na baada ya wiki kadhaa miguu ikaanza kupata nafuu.

Kupotea kwake na ile ganzi ya msibani havikutoka kwenye vidonge. Alipimwa umeme wa ubongo, kifafa hakikuonekana. Daftari lake lilionyesha kwamba mara tano kati ya sita alikuwa karibu na injini ya dizeli. Akapelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili, akaambiwa neno lilelile aliloliona kwenye simu, safari hii na mtu aliyemsikiliza kwa saa nzima kwanza.

Bado anatibiwa. Mwezi uliopita tulikwenda wote Kamanga kupokea mzigo wa mama yake. Kivuko kilipowasha injini aliushika mkono wangu akaanza kuhesabu kwa sauti: mwavuli, gunia, pikipiki, mtoto, kamba. Watu wakatutazama. Tulipanda daladala, tukashuka Buzuruga, na mandazi alinunua akiwa anajua ni ya bei gani.